Nyumba ya Nguzo Moja: Nembo ya Uyoga na Darasa la Wajapani

Mhadhara kwa wachoraji na wafanyabiashara chipukizi, Port Reitz, Mombasa



Mada niliyopewa ni namna ya kubuni nembo ya mtindo wa Kijapani kwa biashara ya uyoga wa bei ya juu, ule unaouzwa mahotelini. Jirani yangu alipoisikia alicheka. Uyoga, Japani na Port Reitz, alisema, ni wageni watatu waliokutana stendi. Nitaanza kwa kumpinga, kwa sababu hao watatu wanajuana zamani.

Shikeni barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Yadi baada ya yadi imejaa magari yaliyoshushwa melini kutoka Japani, na vile vigari vya mizigo bado vina maandishi ya huko milangoni. Huenda ni jina la duka la mikate, huenda ni la shule ya chekechea. Hapa hakuna anayejua, na mwenye gari huyaacha makusudi, kwa kuwa kwake ni ushahidi kwamba gari halijapigapiga barabara za Kenya. Kituo cha pili cha makontena, kilichofunguliwa mwaka 2016 hapo chini Kipevu, kilijengwa kwa mkopo wa Japani kupitia shirika la JICA. Miritini, kiwanda cha AVA huunganisha malori ya Fuso. Na tukija kwenye uyoga wenyewe: chuo cha Juja ambacho leo tunakiita JKUAT kilianza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, na mkulima wa uyoga wa Kenya akiulizwa mbegu amenunua wapi, mara nyingi hilo ndilo jina atakalolitaja. Mfuko wa uyoga unaoning'inia katika kibanda cha Chaani una ukoo na Japani hata kabla hatujauchorea chochote.

Kwa hiyo sitauliza kama tunayo haki ya kuazima. Nitauliza tunaazima nini. Jibu langu ni kwamba tuazime namna Wajapani wanavyopunguza mchoro mpaka ukabaki na kile kisichoweza kuondolewa. Lango jekundu, jua lenye miali na herufi za brashi tuwaachie wenyewe.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi, mchoraji ajue anachora uyoga gani. Nimeona nembo nyingi za uyoga zenye kofia nyekundu iliyonyunyiziwa madoa meupe. Uyoga huo upo kweli, jina lake la kitaalamu ni Amanita muscaria, na una sumu. Umeingia vichwani mwetu kupitia vitabu vya watoto vya Ulaya na michezo ya kompyuta. Kuubandika kwenye chakula ni kumwambia mteja asile, na mteja wa pwani hahitaji kutiwa hofu zaidi. Wengi wetu tulikanywa tangu utotoni tusiguse uyoga uliochomoza wenyewe baada ya mvua.

Kisha kuna hali ya hewa. Uyoga wa batani, ule mweupe wa mviringo, hutaka baridi ya chini ya nyuzi 20 ndipo uchomoze vizuri, ndiyo maana utausikia zaidi Limuru na Kiambu. Shitake nayo, ambayo ndiyo uyoga maarufu wa Wajapani, hupenda ubaridi. Mwenye kutaka kuiotesha Port Reitz atalipa bili ya umeme mpaka achoke. Uyoga unaovumilia joto letu na unyevu wetu ni ule wa oista, ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita mamama. Uko wa kijivu, uko mweupe, na uko wa rangi ya waridi ambao ndio mvumilivu kuliko wote. Basi huo ndio wa kuchorwa. Kuna wanaochora shitake yenye nyota iliyokatwa juu ya kofia, kwa sababu wapishi wa Kijapani huikata hivyo na picha inapendeza. Mpishi wa hoteli ya Nyali akiona nyota ile atafungua paneti akitarajia shitake, akute oista. Hapo umempoteza kwa kosa la mchoro, na uyoga wako haukuwa na kasoro yoyote.

Sasa twende Japani. Kwa karibu miaka elfu moja Wajapani wamekuwa na kamon, yaani alama za koo. Zilianza kwa makabaila wa Kyoto waliozipaka kwenye magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, ili kila mtu atambue gari lake katika msongamano. Wapiganaji wakazitia kwenye bendera, kwani vitani hakuna mwenye nafasi ya kusoma jina. Baadaye, katika enzi ya Edo, wafanyabiashara wakazipaka kwenye mapazia ya milango ya maduka. Barabarani, vitani, sokoni: kote alama ilitakiwa itambulike kwa mbali na kwa haraka, na kila kilichochelewesha jicho kikaondolewa. Kilichobaki ni kitu kimoja, jani au ndege au gurudumu, mara nyingi ndani ya duara, kwa rangi moja. Fundi wa kamon alichora kwa bikari ya mwanzi, hata mkunjo wa ua ukawa kipande cha duara. Hakutia kivuli. Hakuchanganya rangi ili kuonyesha mviringo. Ukiigeuza nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi, alama bado ni ile ile.

Mnazijua kamon bila kuambiwa. Ile alama ya almasi tatu mbele ya Fuso imetokana na kamon mbili. Iwasaki Yataro, mwanzilishi wa Mitsubishi, alikuwa mtu wa Tosa. Akachukua majani matatu ya mwaloni ya watawala wa huko, ukoo wa Yamauchi, akayaunganisha na pembenne tatu za ukoo wake mwenyewe. Lori likiwa limejaa tope la Mariakani mpaka kwenye kioo, bado unajua ni la nani. Nyota za Subaru ni kile Kilimia ambacho wakulima na mabaharia wetu walikitazama kujua majira. Na chupa ya mchuzi wa soya iliyopo katika kila jiko la hoteli, Kikkoman, ina umbo la pembe sita linalotokana na gamba la kobe. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyochora mlima Fuji.

Kitendawili!

Asanteni kwa kuitikia "tega". Nyumba yangu ina nguzo moja. Mtoto yeyote hapa atajibu: uyoga. Sasa angalieni kazi aliyoifanya yule bibi au babu aliyekitunga. Ameondoa rangi, ameondoa harufu, ameondoa udongo na majani na kila kinachouzunguka uyoga. Amebakiza paa na nguzo. Kazi ya fundi wa kamon ilikuwa hiyo hiyo, ila huyu wa kwetu hakuwa na bikari. Nawaambia wachoraji: nembo yenu imeshachorwa nusu, na Wajapani hawakuhusika.

Wajapani nao wana vitendawili vya kuchora. Kuna nakshi moja ya nguo iliyovuma Edo kupitia mwigizaji wa kabuki, Ichikawa Danjuro wa 7. Ina picha ya mundu, kisha duara, kisha herufi moja. Ukizisoma kwa mfululizo unapata neno la Kijapani la kusema "sijali". Mpaka leo huchapishwa kwenye taulo na mavazi ya kiangazi. Mwenye sanduku la kanga za mafumbo nyumbani kwake anauelewa mchezo huo bila kufundishwa, na pengine anajua jirani gani alikusudiwa.

Rudini kwenye paa na nguzo, kwa sababu hapa ndipo uyoga wa oista unapotusaidia kwa namna ambayo sikuitegemea. Chukueni kishada kimoja mkigeuze juu chini. Shina halisimami katikati ya kofia. Hutoka ubavuni, fupi, na kofia imefunguka upande mmoja kama upepeo. Zile kunjo nyembamba za chini hazikomi kwenye ukingo wa shina, huteremka nalo. Msanii aliyezoea uyoga wa vitabuni ataweka nguzo katikati, pande mbili zilingane, na mchoro utafanana na mwavuli. Anayechora alichokiona ataweka nguzo pembeni, na upande wa pili atabakiwa na uwazi mkubwa. Uwazi huo ndio ambao wabunifu wa Kijapani huutunza kuliko mstari wenyewe. Msikimbilie kuujaza. Kwa hiyo mchoro wa kweli wa uyoga wetu na mchoro wenye adabu ya Kijapani vimekutana mahali pamoja.

Vipimo ni hivi. Duara moja. Ndani yake, kofia ni kipande cha duara kubwa zaidi, nguzo ni kipande cha duara dogo, na kunjo ni mistari mitatu inayoteremka kutoka kofiani. Mitatu yatosha, mkiweka kumi mmechora mkeka. Nafasi kati ya mstari na mstari isiwe nyembamba kuliko mstari wenyewe, la sivyo wino utaziba mara tu mkichapisha kwa muhuri wa mpira. Nasisitiza muhuri wa mpira kwa sababu anayeanza biashara hana pesa za lebo za rangi. Fundi wa mihuri atakuchongea kwa bei utakayoimudu, nawe utagonga karatasi ya kaki mpaka mkono uchoke.

Na muhuri wenyewe ni Ujapani mtupu. Kule mtu binafsi ana muhuri wake wa wino mwekundu, na kwa miaka mingi karatasi isiyogongwa haikutambuliwa. Mwaka 2020 waziri Kono Taro alizitaka wizara ziachane na mihuri hiyo kwenye fomu zao. Mwaka huo huo Kenya ilibadilisha sheria, kampuni ikawa hailazimiki tena kuwa na lakiri. Hata hivyo nendeni ofisi yoyote ya Mombasa na barua isiyo na muhuri, mje mniambie mmepokewaje.

Kuhusu rangi sitasema mengi, ila nitawaomba mama zangu wakumbuke kisutu. Nyeusi, nyekundu, nyeupe: kanga ya bibi harusi. Mjapani kwa upande wake ana wino mweusi, muhuri mwekundu na karatasi nyeupe. Nembo nyeusi juu ya karatasi nyeupe, yenye alama ndogo nyekundu pembeni, mteja wa Biashara Street ataiona kisutu, na mpishi aliyesomea Osaka ataiona kazi ya kule. Kila mmoja atadhani alichorewa yeye.

Nimetaja kanga, basi niseme na historia yake, maana ndiyo inayonipa ujasiri katika jambo hili. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia nguo za Japani zilijaa Afrika Mashariki. Mikataba ya bonde la Kongo iliwazuia Waingereza kuzibagua bidhaa za Japani kwa ushuru, na meli za Osaka zilifika Mombasa kwa ratiba. Wafanyabiashara wa hapa walipeleka nakshi na maneno, na kanga zikachapishwa kwa Kiswahili na mafundi wa Kijapani ambao wengi wao hawakupata kuuona mji huu. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887, ilikuwa miongoni mwa waagizaji hao, na chapa yake kila mtu anaijua: K.H.E., Mali ya Abdulla. Tazameni mafundi wale walivyofanya. Pindo waliliacha mahali pake, mji mahali pake, jina mahali pake. Hawakutia ua la mcheri ili kutuonyesha kuwa wao ni Wajapani. Walishika adabu ya nguo ya mwenye nguo, na mvaaji wa Likoni hakuhisi amevaa kitu cha kigeni. Mimi nawadai wachoraji wetu waazime kwa heshima hiyo hiyo.

Sasa yale ya kuachwa, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Lango jekundu la nguzo mbili ni mlango wa hekalu la Shinto. Nani kati yetu angeweka mimbari kwenye pakiti ya nyanya ili ionekane ya Kiarabu? Ua la krisanthemu lenye petali 16 ni alama ya mfalme wao, na liko kwenye jalada la pasipoti ya Japani. Hilo halichukuliwi na mtu. Jua lenye miali iliyotapakaa lilikuwa bendera ya jeshi. Kwa Mkorea na kwa Mchina linarudisha kumbukumbu za vita na uvamizi, na Wachina wangapi wanakula mahotelini Mombasa tangu reli ya SGR ijengwe? Umeuza uyoga, umenunua ugomvi.

Herufi za brashi za bandia, zile za kompyuta zinazoipa A na K miguu ya upanga, ni mbaya zaidi kwa sababu ni za uvivu. Hakuna Mjapani anayeandika hivyo. Na kama mnataka maandishi halisi ya Kijapani, jiulizeni atayasoma nani. Kama kuna mteja Mjapani, mtafuteni Mjapani ayakague kabla ya kuchapisha. Kama hayupo, mmeifanya paneti yenu kuwa kile kigari cha yadini chenye jina la duka lisilojulikana. Tena maandishi yale humfanya mnunuzi adhani uyoga umevuka bahari. Sheria ya Alama za Biashara, sura ya 506, hairuhusu kusajiliwa kwa alama inayopotosha, na hata sheria isingekuwepo, uyoga mbichi uliovunwa alfajiri hapa una sifa ambayo shitake kavu ya ng'ambo haina. Kwa nini uifiche?

Anayefikiri kunakili ni jambo dogo aulize Tokyo. Nembo ya kwanza ya Olimpiki ya 2020, ya Sano Kenjiro, iliondolewa Septemba 2015 baada ya mbunifu wa nembo ya jumba la maonyesho la Liège, Ubelgiji, kulalamika kuwa inafanana na yake. Wakaanza upya. Mwaka 2016 wakachagua kazi ya Tokolo Asao: vipande vya pembenne vya rangi ya nili, katika nakshi ya madirisha-madirisha iliyovaliwa Japani tangu enzi ya Edo. Ni rangi moja tu juu ya nyeupe, na hakuna jua wala mlima.

Mkishachora, ijaribuni nembo mahali itakapoishi. Ichapisheni kwa upana wa milimita 15, mbandike kwenye paneti ya robo kilo, muitie kwenye boksi la barafu kama itakavyosafiri kwenda Diani. Joto letu litatoa jasho juu ya plastiki. Baada ya saa moja wino umetiririka? Mistari mitatu bado inahesabika? Iwekeni kwenye picha ya WhatsApp, mrudi nyuma hatua mbili. Mpelekeeni mchoraji wa mabango ya tuktuk aichore kwa mkono bila kompyuta. Akishindwa, nembo ina mambo mengi mno. Mwisho muonyesheni mtoto bila kumwambia neno. Akisema mwavuli, rudini mezani.

Kuhusu jina la kuandika chini ya duara, kuna kijana aliyenong'ona kabla hatujaanza kuwa "Port Reitz" haliuziki, linanuka dizeli. Reitz alikuwa luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa kuisimamia Mombasa mwaka 1824, na mwaka huo huo akafa. Hakukaa hapa hata mwaka mmoja, na jina lake tunaliandika kwenye barua zetu miaka 200 baadaye. Nyinyi mmezaliwa hapa. Jina lenye nguvu hiyo mnaliacha kwa ajili ya "Sakura Mushrooms"?

Nimalizie na karatasi, maana hapa ndipo wengi huangukia. Mnakumbuka mwaka 2007 Wakenya walivyopambana na kampuni moja ya Uingereza iliyotaka kusajili neno "kikoy" kuwa alama yake. Ombi lile lilikwama kwa sababu watu waliamka na kupinga, lakini hakuna atakayewaamkia kwa ajili ya paneti zenu. Taasisi ya KIPI, Nairobi, ndiyo inayosajili alama za biashara. Ombeni kwanza upekuzi, mjue kama kuna mwingine aliyetangulia na umbo linalofanana. Uyoga mbichi na mbegu yake vimo katika daraja la 31, uyoga uliokaushwa au kuhifadhiwa ni daraja la 29. Anayekusudia kukausha mabaki ya sokoni aombe yote mawili. Alama ikikubaliwa hutangazwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Usajili hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Fanyeni upekuzi huo kabla ya kumlipa fundi wa mihuri, na walio na michoro tayari waniletee hapa mbele sasa hivi, nina kalamu nyekundu.